Siku Nilipoiosha Armonika ya Baba

Majani ya mkaratusi yakichemka hutoa harufu kali inayopanda puani mpaka macho yanalengwa na machozi. Hiyo ndiyo harufu ya kipupwe kile nilipokuwa na miaka kumi na tatu, mwaka wa pili wa korona, tulipofungiwa ndani ya fleti yetu ya Fairfield, huku ughaibuni. Mama aliyachuma kwenye mti ulioinamia uzio wa reli, akayatia kwenye sufuria kubwa ya kusongea fufu, na kila jioni tukajifukiza chini ya blanketi kwa zamu, mimi na wadogo zangu wawili, kisha yeye mwenyewe. Treni zilipita tupu. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa. Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo kwetu kila kitu kilioshwa, vitasa, ndizi, hata rimoti ya televisheni. Mimi nilikuwa msaidizi wake mkuu, na nilijiona nesi kabisa.

Baba alipanga mizigo katika ghala la mtaa wa Villawood. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila akirudi kazini, akishaoga, alikaa dirishani na kutoa armonika, kile kinanda kidogo cha mdomo alichokipata katika kambi ya wakimbizi Tanzania kabla sijazaliwa. Aliipata pamoja na kaseti moja ya Mmarekani mweusi mpigaji wa muziki wa bluzi, aliyekuwa amekwisha kufa zamani, lakini baba alimzungumzia kama jirani aliyehama juzi. Alitueleza kwamba kabla ya mtu huyo armonika ilihesabiwa kitu cha watoto. Yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifumbata viganjani pamoja na maikrofoni, akavuta pumzi badala ya kupuliza tu, sauti ikapinda na kulia, na kitu cha kuenea mfukoni kikajaza ukumbi mzima. Baba alimwita "babu yenu wa Amerika". Mdogo wangu wa mwisho aliamini, akawa anamwombea kwenye sala ya chakula, na mama alicheka mpaka akaacha kumsahihisha. Kanisani kwetu wapo Wakongo wenzetu waliosema ule ni muziki wa baa. Baba hakubishana nao. Alipiga nyimbo za kwaya kwa mtindo wa yule babu, na akina mama wakajikuta wanajifuta macho kabla hawajakumbuka kwamba hawaupendi.

Nami nilitamani kuipiga, tena si kidogo. Baba alisema nisubiri kifua kikomae. Basi alipokwenda kazini niliichukua kwenye droo, nikajifungia bafuni, nikawasha feni ya ukutani ili mama asisikie. Nilizifumba kope, nikaifumbata kama nilivyomwona baba akifanya, naye kama alivyomsikia yule babu kwenye kaseti. Wiki moja nilishikwa na mafua madogo. Niliyaficha, maana mama angetupeleka sote kwenye foleni ya kupimwa, na nilichukia kile kijiti cha puani. Nikaendelea kupiga. Siku chache baadaye baba, ambaye kazini alikuwa akipimwa mara kwa mara pamoja na wenzake, aliletewa ujumbe kwenye simu kwamba ana korona.

Alihamia chumbani peke yake, mlango ukafungwa, sisi tukalala sebuleni. Tulipimwa wote na wote tulikuwa salama, lakini nilijiambia kwamba mimi nimeonekana salama kwa sababu ugonjwa wangu wote umekwisha kuhamia kwa baba. Kila alipokohoa nyuma ya ukuta, nilihesabu ni kosa langu. Siku ya pili aliniita kupitia mlangoni, mimi bintiye ambaye alizoea kuniita mama. "Mama, uniletee ile armonika. Nataka nione kama kifua iko bien, iko muzuri."

Nimpelekee tena mdomoni kitu kilichomwambukiza? Nilifanya kile ambacho mtoto wa nyumba yetu pekee angekifanya. Nilichemsha birika, nikamimina maji kwenye bakuli, nikatia sabuni ya vyombo na dawa ya kuulia vijidudu, nikaizamisha armonika humo karibu saa nzima. Nilipoitoa, kile kipande cha mti cha katikati kilikuwa kimevimba na kutokeza nje kama ufizi unaouma. Nilipuliza. Yalitoka mapovu, na matundu manne hayakusema kitu. Niliiweka kwenye sahani pamoja na chai yake, nikagonga mlango, nikakimbia.

Hakupiga jioni ile, wala kesho yake. Nilisikia kikohozi tu, na nilijua nimemnyang'anya pumzi na sasa hata sauti. Siku iliyofuata wahudumu wa ambulensi waliovaa nguo za plastiki walimtoa. Alitembea mwenyewe, mkono mmoja ukutani. Alikaa hospitali siku tisa. Mama alipopiga simu ya video, wadogo zangu waligombania skrini, mimi nikajificha nyuma ya jokofu. Nilikuwa na hofu kwamba akiniona usoni atajua.

Alirudi suruali ikimpwaya. Kesho yake alikaa mezani na wembe, akaniita.

"Uliosha na maji ya moto?"

"Yeah, Dad."

"Haina shida. Wazee wa zamani wa bluzi walikuwa wanaitia mu maji makusudi, ile mti ivimbe, sauti ikuwe nguvu. Kisha wanaikata na wembe. Njoo ushike hapa."

Niliishika, akauchonga ule mti polepole, vumbi lake likianguka kwenye gazeti. Nililia. Alidhani nalilia armonika, akanibembeleza, nami nikamwacha adhani hivyo.

Sasa nasomea uuguzi chuoni Campbelltown. Nina armonika zangu tatu, za plastiki katikati, ambazo maji hayazifanyi kitu. Mtaani hakuna askari, treni zimejaa, na nikifungua simu naona vijana wa nchi ambazo yule babu hakuwahi kuzisikia wakiifumbata viganjani kama yeye, wengi wao bila kujua nani alianza. Baba hupiga pumzi tatu, anapumzika, halafu ananipa mimi nimalizie.

Mwezi uliopita, nilipokuwa namalizia hivyo, niliukatiza wimbo nikamwambia kila kitu, mafua, bafuni, hofu yangu.

"Siku mbili kabla ya kile kipimo, koo ilikuwa inaniwasha," alisema. "Nilienda kazi vile vile. Nilirudi, nikapiga, nikaiacha mu droo. Na nilijua unaichukua, mama. Feni ya bafu haifiche kitu. Kule hospitali wadogo zako walikuwa wanasema na mie, wewe hapana. Mama yako aliniambia uko salama. Nilisema mu roho, ananituliza tu, mtoto ni mgonjwa, yuko kitandani, na ni mimi nimemuweka pale."

Nilimwambia sikuugua korona hata siku moja. Hakuonekana kuridhika. Aliniomba nivute pumzi ndefu asikie mwenyewe, na mimi, niliyejifunza darasani kupima vifua vya watu, nikasimama mbele ya baba yangu, nikavuta.