Simu ya Mjane Katika Nyumba ya Mzazi

Mjukuu wangu Keneilwe ndiye msimamizi wa kompyuta inayoendesha pampu za maji hapa kijijini Mmaphala. Mimi kusoma sijasoma, lakini kazi yake naijua, maana kila jioni alinisimulia huku akimaliza uji wangu. Kompyuta ile unaipangia: saa fulani washa pampu, saa fulani zima. Ukishapanga inafanya yenyewe, hata wewe ukilala mdomo wazi. Na kila mtu humo ana mamlaka yake. Huyu aangalie tu, yule apange, mwingine aidhinishe. Bila wa kuidhinisha, mpango haufanyi kazi, na mamlaka yenyewe hayahamishwi bila yeye kukubali. Wakubwa wa Gaborone waliweka sharti hilo baada ya kijana mmoja kujipa mamlaka yote na kumwagilia shamba la mjomba wake mpaka vyura wakahamia huko na vitanda vyao.

Wa kuidhinisha alikuwa Gorata, rafiki yake tangu utotoni. Gorata alikuwa mjamzito, na macho tulikuwa nayo. Lakini kwetu mimba haitangazwi, wala mtoto ambaye hajafika hapangiwi kitu. Keneilwe angeandikaje kwenye kompyuta kwamba mwezi fulani Gorata hatakuwepo, awekwe mwingine? Angeonekana anamtabiria mabaya. Akanyamaza, akidhani muda bado upo. Mtoto akaja kabla ya wakati wake.

Basi Gorata akafungiwa ndani kwa mama yake, miezi mitatu, gogo limelazwa mlangoni kuzuia wageni. Simu yake mama akaitia sandukuni. Na mpango wa pampu wa majira ya baridi ulikuwa unaisha Ijumaa. Ule wa kiangazi Keneilwe alikuwa ameshaupanga, unamngoja Gorata. Akawapigia Gaborone. Wakamwambia ombi lake litaangaliwa wiki ijayo.

Jumamosi pampu zikanyamaza. Jumapili tangi lilibaki na maji ya kuogesha nzi mmoja, tena mwembamba. Kwa jua la mwaka ule kuku wangu walitaga mayai yaliyokwisha kuchemka.

"Nenda kwa Gorata," nikamwambia.

"Bibi, huoni nilivyovaa?"

Alikuwa na gauni jeusi. Mumewe tulimzika mwezi wa tano, na mjane haingii nyumba yenye kichanga. Joto la msiba linamwangukia mtoto.

"Nipe simu yako Gorata aidhinishe humo, niende mimi. Mimi nimeshakauka, sina joto wala baridi."

"Simu hii nimelala nayo tangu siku ya msiba."

"Sasa ng'ombe tuwape mate?"

Akaanza kuifuta ile simu kwa pindo la gauni, akaona anaifutia nguo ile ile nyeusi, akaacha. Kisha akanipa.

Mama yake Gorata, Mma Gorata, alinisimamisha mlangoni.

"Unatafuta nini, Mma Seabelo?"

"Nimekuja kuona kama mtoto ana pua yangu."

"Pua yako ataitoa wapi, kwani wewe ni ukoo wetu?"

"Kitu kizuri kinaazimwa."

Akacheka, akanipisha, mwenyewe akarudi jikoni kukoroga uji wa mtama. Nikamkuta Gorata kitandani, mtoto kifuani, mdogo kama andazi. Nikatoa simu.

"Ya nani hiyo?"

"Yangu."

"Yako ni ya tochi, Bibi."

Mimi niliyewahi kumwaminisha chifu kwamba punda wangu ndiye aliyekula kofia yake, siku hiyo uongo ulinigomea.

"Ya Keneilwe. Pampu zimezima."

"Na zahanati?"

"Wanabeba kwa madumu."

Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Akamlaza ukingoni mwa kitanda, mbali na mikono yake, akachukua simu. Alipoiwasha, uso wa marehemu ulijaa kioo kizima, anatabasamu. Akaandika neno lake la siri, akaidhinisha pampu. Akaidhinisha na ombi jingine la Keneilwe, la kumpa mzee Rra Mosweu mamlaka ya kuidhinisha kama Gorata mwenyewe. Huyo hata akinenepa, hazai.

"Hiyo simu naijua," akasema Mma Gorata nyuma yangu. Sauti hakupandisha. Afadhali angepandisha.

Maji yalirudi usiku ule ule. Wiki haijaisha, mtoto akashikwa na homa. Nesi alisema ni mafua, na wengi waliugua. Mtoto akapona. Lakini Mma Gorata alikwisha kusema ni joto la simu ya mjane, na mtaa mzima ukasikia.

Siku ya kumtoa mtoto nje walichinja mbuzi. Mimi nilialikwa. Keneilwe hakualikwa, akabaki kwangu akiosha vyombo visafi. Nikamletea nyama kwenye bakuli.

"Gorata kaniulizia?" akaniuliza.

Nilikuwa na uongo mzuri tayari, mtamu kuliko ile nyama. Nikamtazama, nikaumeza.

"Mama yake hakumwacha peke yake hata kidogo," nikamwambia.

Akalisogeza bakuli kando, akaendelea kuosha.