Msonobari wa Mama Konsolata

Nakumbuka Desemba moja ya miaka ya tisini, huku kwetu Sibwesa. Wewe ndiye umenikumbusha, mwanangu, maana nimepita sebuleni nikaona msonobari wako umesimama kwenye ndoo kavu. Kavu kabisa. Kila mwaka nasema, na kila mwaka nyie mnaitikia "ndiyo mama" halafu mnakwenda zenu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kiongozi wa kwaya ya kigango, na majivuno tele. Jirani yetu, Mzee Bukuru, alikuwa na msonobari alioupanda marehemu mkewe. Upepo uliuinamisha juu ya paa lake, ikabidi ukatwe, akaona afadhali uende kanisani. Aliomba kitu kimoja tu. Binti yake Konsolata alikuwa anarudi kutoka Mpanda mjini, mara ya kwanza tangu mama yake azikwe, basi aukute mti wa mama ukiwa kijani. Akanielekeza niusimamishe kwenye maji, niyaongeze asubuhi na jioni.

Niliitikia vizuri sana. Nikaukata siku kumi kabla ya Krismasi, ili wageni wa vigango vingine wauone mapema, nikauchomeka kwenye debe la mchanga mkavu. Maji sikutia. Kina mama walikuwa wametoka kusiriba sakafu ya kanisa kwa udongo na samadi, nami niliogopa debe likivuja nitaonekana mzembe. Nikabandika pamba na karatasi za rangi, nikasimama pembeni kujisifu.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, Konsolata alikuja mbele akashika tawi. Majani yakabaki mkononi mwake, ya kahawia. Aliinama akaokota hata yaliyoanguka chini, akayafunga kwenye pindo la khanga. Niliona aibu, na bado ninayo.

Mzee Bukuru hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliniambia, "Binti yangu, mti kukatwa ulikatwa, ila kiu ulikuwa nayo bado. Sakafu tungeisiriba tena. Huu mti tutautoa wapi?"

Basi nisikilize, na uweke hiyo simu chini. Kata kitako cha shina upya, upana wa kidole, maana utomvu ukishaziba pale mti haunywi tena. Papo hapo uweke kwenye maji, ushikilie kwa mawe. Maji yasishuke chini ya mkato, hata siku moja. Uusogeze mbali na jua la dirishani, na mishumaa usithubutu kuiwasha karibu nao. Na mtu akikukabidhi kitu anachokipenda, fanya alivyokuomba, si unavyotaka kuonekana.

Mungu akujalie Krismasi nyingi, wageni wa heri na mikono inayotunza. Hiyo amina utaitikia ukirudi. Kwanza chukua panga, ukachote na maji.