Usiihesabu Chumvi ya Mgeni

Nakumbuka asubuhi moja ya Kiterajo, kule pwani ya Msumbiji, mwanangu, na kila nikiikumbuka mate hunikauka. Nilikuwa bibi harusi wa miezi minne, kanga zangu bado zanukia udi, na ulimi wangu mwepesi kuliko miguu. Usicheke. Nilikuwa mzuri, na nilijijua kuwa mzuri, na hilo nalo lilichangia.

Mavyaa wangu, mama yake babu yako, alikuwa na mgahawa. Nikisema mgahawa usifikirie vioo na friji kama pale dukani kwako. Paa la makuti, mikeka miwili, benchi moja la wenye viatu, jiko kwa nyuma. Asubuhi uji wa mchele na mihogo, mchana wali na samaki, chai ya tangawizi saa zote. Jina lake Bi Ancha, mwanamke mfupi, mnene, akiita mtu hata aliyelala anaitika. Na alikuwa na utaratibu wake. Mgeni akiingia, ananawishwa mikono kwa birika kabla hajaulizwa lolote. Kisha analetewa chakula, na kando ya sahani kifuu cha chumvi, ajitilie mwenyewe apendavyo. Nilimwuliza mara moja kwa nini tusiikoleze kabisa jikoni. Akanijibu, "Mkamwana, mimi naijua ladha ya ulimi wangu tu." Mimi nikaona ni maneno ya uzee.

Sasa elewa, wakati huo ilikuwa vita vya kumwondoa Mreno. Huku pwani Mreno ndiye mwenye amri. Ndani, msituni, walikuwa wapiganaji wetu pamoja na watu waliowafuata, wazee kwa watoto. Walilima, mahindi na mtama walipata. Chumvi hawakuipata. Chumvi iko huku kwetu, na Mreno alilijua hilo vizuri. Mtu akikamatwa anaipeleka ndani, haulizwi mara mbili, na nyumbani kwao hawamwoni tena.

Basi asubuhi hiyo benchini alikaa sipai, askari mweusi wa Mreno, bunduki kaiegemeza ukutani, anakunywa chai yake. Akaingia mwanamume mmoja wa makamo, Mmakonde, chale usoni, miguu mitupu imepasuka. Akaamkia vizuri, akakaa mkekani. Nikamnawisha, nikamletea mihogo na kipande cha samaki. Akachota chumvi kidogo, akaionja. Mwanangu, yule mtu alifumba macho! Akachota tena. Akala chumvi ile kwa kidole, peke yake, kama mtoto aonjaye asali. Halafu akatazama huku na huku, akachota konzi nzima, akaifunga kwenye pindo la shuka yake. Akachota na ya pili.

Mimi nimesimama na birika, namtazama. Laiti ningenyamaza! Lakini wateja wa mkeka wa pili walikuwa wananitazama mimi, nami nikataka wacheke. Nikasema kwa sauti, "We baba, umekuja kula mihogo au umekuja kula chumvi? Huko kwenu bahari imekauka?"

Watu walicheka, ndiyo. Wakacheka nusu, kicheko kikafa. Nikasikia kikombe cha sipai kinawekwa benchini. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini mdomo ulikuwa wangu na kichwa kilikuwa cha mwenzangu. Yule mtu hakuinua uso. Mkono wake uliganda palepale juu ya kifuu, na ndipo nilipoelewa nilichokifanya.

"Chumvi yote hiyo ya nini?" sipai akauliza. Akaanza kuinuka.

Mavyaa akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakunitazama. Alimwendea yule mtu moja kwa moja, akapiga ukelele, "Ahaa! Nimekukamata leo, mtani mwizi! Mama yangu Mmakua alinionya, Mmakonde ukimfungia mlango anakuibia bawaba! Unaniletea kuni mbichi, halafu unanimalizia chumvi?"

Unajua utani, mwanangu, Mmakua na Mmakonde. Mtani akichukua kitu chako hukasiriki, na akikutukana unamtukana, mnacheka. Lakini watu hawa wawili hawakuwa wamewahi kuonana. Nikashika birika kwa mikono miwili. Kama yule mtu angesema neno moja la kumshangaa, basi.

Akainua uso. Akamtazama mavyaa, kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mtani gani wewe, mchoyo! Samaki wako miiba mitupu. Chumvi hii ni fidia ya koo langu!"

Mkeka wa pili wakaangua kicheko, safari hii cha kweli, na sipai naye akacheka. Mavyaa akanyakua kile kifuu, akammiminia yule mtu pindoni chumvi yote iliyobaki. "Haya beba, ukaoze nayo! Na uje huku nyuma unionyeshe hizo kuni zako, mbichi kama ulimi wako!" Akamvuta mkono, wakapita jikoni, wakatoka uani.

Sipai alimaliza chai. Akakaa. Akaona mtu harudi, akaenda nyuma. Akamkuta mavyaa peke yake anapasua kuni. "Mtani wako yuko wapi?" "Kaenda zake, bwana. Mwizi hangoji shukrani." Sipai alimtazama sana. Akarudi kuchukua bunduki yake.

Alipoondoka nikajua napigwa. Natamani ningepigwa. Mavyaa alikaa juu ya kinu, akaniita nikae chini yake, akasema polepole, "Mkamwana, mtu huyu amekuja kwangu na njaa. Njaa yake ameifungua mbele yetu kwa sababu tumemnawisha mikono, akatuamini. Anachokula mgeni, anavyokula, na anachokifunga kwenye nguo yake, ni amana. Wewe umeipeleka sokoni ukaiuza kwa kicheko." Basi. Akarudi kwenye chungu chake. Nililia mpaka adhuhuri, na uji wa siku hiyo naamini haukuhitaji chumvi.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Sipai akawa anakuja kila siku. Anakunywa chai, anauliza, "Mtani hajaleta kuni?" Siku ya tisa akaja na wenzake wawili, wakapekua hadi ndani ya magunia ya mchele, wakamwambia mavyaa kesho afike posto, kituoni kwa mkuu wao. Kesho yake hatukuwapo. Babu yako alikuwa ametangulia Lindi kutafuta kazi. Tuliondoka wanawake wawili, mimi na mimba changa ya baba yako, yeye na miguu yake iliyozoea kusimama jikoni, siyo kutembea. Aliacha vyungu vyake, akaacha birika. Njia nzima hakunitajia lile neno langu hata mara moja, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikoniumiza zaidi.

Tulivuka Ruvuma. Tulipofika Mtwara mavyaa alikuwa amevimba magoti, hawezi hatua. Nikamkalisha barazani kwa watu, nikaenda hotelini na kidogo nilichokuwa nacho. Nikaagiza chai na chapati moja. Mwanangu, aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mimi siku hiyo nilimjua. Nilikula robo. Nikatazama huku na huku, nikaikunja iliyobaki, nikaiingiza kwenye kanga. Nikainua macho. Msichana wa pale amesimama na sinia, ananitazama.

Alikuwa rika langu. Mzuri pia. Nikaona mdomo wake unafunguka, nikafumba macho nikingoja watu wacheke.

Akasema kwa sauti ndogo, "Dada, kuna chapati zimeungua, wateja hawazitaki. Nisaidie kuzibeba, tafadhali." Akaniwekea tatu ndani ya gazeti, akageuka akafuta meza iliyokuwa safi.

Nikampelekea mavyaa. Akaifungua moja, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. "Zimeungua wapi hizi?" Nikamwambia, "Sijui, mama. Ndivyo alivyosema." Mavyaa akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakawa machozi kweli. Akasema, "Huyo kalelewa, Alhamdulillahi." Akanimegea nusu. Hakuuona tena mgahawa wake. Kaburi lake liko Mtwara, na la yule mtani wake silijui, wala sijui kama chumvi ile ilifika.

Sasa nisikilize. Alhamisi nilikuja pale dukani kwako pa juisi. Umepapamba, nakusifu. Nikamwona yule baba mkimbizi na watoto wake, kaagiza glasi moja ya juisi ya ukwaju, anatia sukari vijiko juu ya vijiko, anawapokeza watoto. Na wewe ukainua simu ukampiga picha, mkacheka na mwenzako. Sikusema kitu mbele ya wateja wako. Nasema leo.

Ifute hiyo picha. Mteja hakukupa fedha yake tu, amekukalia mbele na njaa yake, na kiu yake, na aibu zake. Vitunze. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa kumcheka mgeni. Ukimwona mtu anajitilia sukari nyingi, msogezee kopo, halafu ugeuke ufute meza, hata kama ni safi.

Haya, nishike mkono niinuke. Mungu akupe riziki isiyokatika, akupe wateja hata ukose pa kuwakalisha, na siku utakayokuwa mgeni wewe, akukutanishe na mtu aliyelelewa. Amina.