Honi ya asante pale Mafinga

Leo watu walituonya kwamba tunaungua, na sisi tukawapigia honi ya asante.

Tulikuwa tunapeleka vitunguu vyangu Mbeya kutoka Ruaha Mbuyuni. Mafinga ukungu ulikuwa umefunga kabisa.

Dereva, kaka Shabani, akawasha taa. Alikuwa amebadilisha glopu, kaweka za wati kubwa kuliko lori linavyotaka. Waya ni zile zile za zamani.

"Mama Rehema, hapa hata sindano unaokota!"

Mimi niliona ukungu umezidi kuwa mweupe tu.

Lori lililotoka mbele likatuwashia taa. Basi nalo hivyo hivyo.

"Kuna trafiki," Shabani akasema. Akapiga honi kushukuru, akafunga mkanda. Jamani, huyu mkanda hafungi, labda aone trafiki!

Kumbe walikuwa wanatuonyesha moshi kwenye taa yetu. Sisi tulidhani ni ukungu.

Waya zilikuwa zimeyeyuka. Moto ukatokea chini ya dashibodi, miguuni kwake. Akasimamisha lori, mimi nikaruka. Yeye mkanda ukagoma kufunguka.

Nikarudi na kisu cha kukatia kamba za magunia. Nilimtoa. Lakini ile miguu... sitaielezea hapa.

Niko nje ya wodi, sijaambiwa kitu.

Nyie madereva, mkiwashiwa taa huwa mnawaza nini?

Maana lori likiwa linawaka, waliopishana nasi waliwawashia taa walio nyuma yetu, na magari yaliyotufuata yalikuwa yanatokea kwenye ukungu polepole. Na kila dereva niliyemwona alikuwa anafunga mkanda.