Kasia la Koko na Surua ya Swima

Harufu ya ndagala waliokauka hunirudisha kwenye kile kibanda hata nikiwa sokoni hapa mjini Baraka natafuta nyanya tu. Wenzangu wananunua, mimi nasimama kama mjinga. Kibanda kilikuwa cha matete, nyuma ya nyumba yetu kule Swima, na baba aliweka humo nyavu na magunia ya samaki hao wadogo wa ziwa. Nilikuwa mwaka wa pili wa shule ya msingi pale surua ilipoingia kijijini pamoja na mvua, ikanikamata mimi wa kwanza katika ua wetu. Macho yaliwaka, mwanga uliyachoma, vipele vikatoka nyuma ya masikio vikashuka hadi miguuni. Na ndani ya nyumba alikuwamo mdogo wangu Wilondja, ambaye alikuwa hajaota hata jino moja. Ilibidi mmoja wetu atoke, na aliyetoka ni mimi, nikawekwa kibandani.

Aliyeamua ni Koko, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa baba. Uso wake ulijaa mashimo madogo madogo, alama za ndui iliyopita kwao alipokuwa msichana na kuwachukua ndugu zake karibu wote. Kwa hiyo mambo ya vipele hakuna aliyebishana naye. Alichoma mkeka wangu. Alichoma na mwanasesere wangu wa vitambaa, nikalia hadi sauti ikakauka. Bugali wangu ulisukumwa mlangoni kwa ncha ya kasia la mtumbwi, sahani ikikwaruza ardhi, kisha kasia likasuguliwa kwa majivu. Mama naye aliambiwa mbele yangu, bila kificho: "Ukimugusa huyu, utamuzika mudogo yake."

Na kweli Mama hakunigusa. Jamani! Homa niliivumilia, kikohozi nilikivumilia, lakini hilo lilinishinda. Nilimsikia uani akimbembeleza Wilondja kwa sauti ileile aliyonibembelezea mimi, nikamchukia yule mtoto kwa moyo wangu wote. Alipomaliza kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, alikuja kukaa upande wa pili wa ukuta. Nilimwona vipande vipande katikati ya matete: kipande cha kitenge, kipande cha shingo. Mchana mmoja nilipitisha kidole kwenye upenyo, nikakiacha pale. "Mama, kamata hiki kidole. Kimoja tu." Akakitazama. Akaleta mkono karibu, karibu kabisa, hadi nikahisi joto lake, halafu akauficha chini ya kitenge. "Siwezi, Mauwa. Vumilia, mutoto yangu." Nikarudisha kidole changu gizani. Nimewahi kuishi miji ya watu ambako hakuna aliyejua jina langu, lakini sijawahi kuwa peke yangu kama mchana ule.

Nilipona. Wilondja hakuugua kabisa, na leo ni baba wa watoto na tumbo lake mbele. Koko alitamba kijiji kizima kwamba kasia lake ndilo lililomwokoa, na hadi anazikwa hakuna aliyempinga.

Sasa nafundisha wanafunzi wa uuguzi hapa Baraka, somo la virusi. Nawaambia kwamba vipele vinaweza kufanana, lakini anayevileta akawa wa ukoo mwingine kabisa. Kirusi cha ndui ni kikubwa kwa vipimo vya virusi, umbo lake kama tofali, na ni kigumu: hukaa kwenye magaga ya vidonda, kwenye mkeka, kwenye nguo. Cha surua ni kidogo, cha mviringo, kimevaa koti la mafuta ambalo sabuni hulivunja. Hicho husafiri kwa pumzi na hubaki hewani hata mgonjwa akishatoka chumbani, lakini mkekani hakidumu. Koko alichukua sheria za ndui akaziweka kwenye surua. Kunitenga na mtoto mchanga alipatia. Kuchoma vitu na kusukuma sahani kwa kasia ilikuwa bure. Wanafunzi hucheka nikifika kwenye kasia. Mimi sicheki.

Kisha ndui ya nyani ikafika kwetu, jamaa wa karibu wa ile ndui ya zamani, ugonjwa unaopita hasa kwa kugusana. Nilisimama mlangoni pa chumba cha wagonjwa nikimzuia mama mmoja asimshike binti yake mikono mitupu. Aliniangalia kwa chuki, na alikuwa na haki ya kuchukia. Safari hii Koko angekuwa sahihi.

Nilirudi nyumbani nimechoka, nikamsimulia mama, ambaye siku hizi anaishi nami. Akasema, kama anayesema habari ya chumvi: "Surua? Ile ilinikamataka mi nikiwa kadogo, kule Ubwari. Tulilala batatu ku mukeka moja."

Kikombe kilinibaki mkononi. Aliyeugua surua haimrudii. Mama angeweza kuingia kibandani, kunipakata, kulala nami, kisha kunawa na kumrudia mtoto wake. Huenda hata kinga iliyomlinda Wilondja aliitoa tumboni mwa mama, wala si kwenye kasia la mtu. Maneno hayo yote nilikuwa nayo mdomoni, tayari kuyatoa.

"Lakini tulifanya muzuri, si ndiyo?" akauliza. "We ni mwalimu, we unajua. Sababu ule mukono niliuficha, mpaka leo unaniumaka."

Nikayameza yale maneno. "Ulifanya muzuri, Mama. Bila vile, Wilondja angekufa."

Mwanafunzi akinijibu hivyo kwenye mtihani, nampa sifuri. Mama akashusha pumzi ndefu. Mkono wake ulikuwa pajani, umekonda, mishipa imetokeza. Nikaingiza kidole kimoja kwenye kiganja chake, nikakiacha pale. Akakikamata.