Aliyenikalia Fungate

Mkitaka kusema kikongwe huyu ameanza kuchanganyikiwa, semeni sasa, nisikie, kisha mnipishe nieleze. Sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, pale Diani, uhuru ukiwa mbichi bado. Nina watoto sita na wajukuu kumi na tisa, wote wamesimama vizuri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunishika na uongo. Mume wangu alikufa hajayajua haya. Ndiyo maana leo nayasema.

Kwetu Msambweni mwanamke akiolewa hukaa ndani na mumewe siku saba. Hiyo ndiyo fungate. Hapiki, hafagii, mguu wake haukanyagi mchanga. Chakula huletewa, na mlangoni huketi somo wake, yule mwanamke mzima aliyemfunda, awazuie wambea na amwogeshe mwari kwa liwa, ule unga wa mti wa kunukia. Wazungu nao wana yao. Wao wakioana hupanda ndege wakaenda mbali kujianika juani kama samaki. Kila watu na yao.

Mume wangu Hamadi alikuwa weita katika hoteli moja ya Diani, jina lake silitaji. Miaka mitatu aliwapelekea maarusi wa Kizungu chai kitandani, na jambo hilo likamwingia kichwani. Tulipooana ilikuwa masika, hoteli karibu tupu, mbega watembea juu ya mapaa kama wenye nyumba. Meneja akamwambia achukue banda la mwisho, kule karibu na maji, akae na mkewe siku zake saba. Hamadi akaja kwetu akicheka peke yake njia nzima.

Mamangu alinuna. Somo wangu, Bi Mwanakombo, hakununa, alisema.

"Fungate hukaliwa kwa mama. Mimi siendi kulinda mlango wa Mzungu."

"Basi nitamlinda mimi mwenyewe, Bi Mwanakombo," Hamadi akajibu.

"Wewe? Wewe ukigongewa kengele wakimbia na trei."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshaamua. Nitasema ukweli wangu: nilitaka sifa. Nilitaka niwe mwari wa kwanza wa Msambweni kulala kitanda cha springi na kuoga maji yatokayo ukutani. Niliwajua wenzangu, nilijua watakosa usingizi. Bi Mwanakombo akanipaka hina na piko mpaka magotini, kazi ya siku nzima, akanishika kidevu akaniambia neno moja, "Usitoke." Nikamwitikia kama aitikiavyo mtu mwenye haraka zake.

Siku nne zile zilikuwa tamu, siwezi kuzikana. Hamadi alinifundisha kula kwa uma, nikajichoma mdomo. Alinibeba mgongoni mpaka dirishani nikaitazame bahari bila kuweka mguu chini. Mvua ilipiga makuti usiku na mchana, na sisi ndani twacheka kwa sababu zisizokuwapo. Kama kuna mtu aliyewahi kuwa na raha kuliko mimi siku zile, basi simjui.

Siku ya tano weita mwenzake akashikwa na homa, na jumba kubwa la hoteli likawa limefikiwa na maarusi wa Kizungu. Meneja akamwita Hamadi.

"Saa moja tu," akaniambia. "Niwape chakula chao cha mchana, nirudi."

"Na mimi je?"

"Wewe u wangu siku zote. Wale wanaondoka keshokutwa."

Akavaa kanzu yake nyeupe na mshipi mwekundu, akaenda. Nikabaki. Bibi arusi wa siku ya tano, peke yangu, mume wangu yuko kule amwandalia mke wa mtu mwingine. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mimi nilisimama dirishani nikilikodolea macho jumba lile mpaka shingo ikaniuma. Ilikuwa saa sita, jua limetoka baada ya mvua, mchanga watoa mvuke. Na ile ni saa mbaya kama usiku wa manane, watu wa pwani mwajua.

"Hodi, bibi arusi."

Mlangoni palikuwa na mwanamke. Najua mtakachouliza, kama alikuwa na kwato. Hakuwa nazo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, shuka yake nyeupe imelowa mpaka kiunoni, na nywele zake hazikufungwa. Nilidhani ni mfuaji wa hoteli. Alisimama kizingitini, hakuingia mpaka nilipomwambia karibu.

"Mimi ni wa hapa hapa," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha kizamani kuliko cha nyanya yangu. "Siku ya ngapi hii?"

"Ya tano."

"Na somo wako?"

"Yuko kwao. Amekataa kuja."

Akanishika mkono, akaitazama hina yangu muda mrefu, ua kwa ua, kama mtu akaririye. Akaniuliza, "Wachungulia nini dirishani?"

Nikamweleza. Nikamwambia nataka nikamwone huyo bibi arusi wa Kizungu aliyenivunjia siku yangu, nimtie machoni mara moja tu, nirudi. Lakini mlango sitauacha wazi.

"Nenda," akasema.

"Basi nikalie, dada."

Nikalie ni neno la kila siku kwetu. Wamwambia jirani nikalie nyumba, nakwenda dukani. Maana yake nishikie mahali pangu mpaka nirudi, basi. Sikuwa na maana nyingine, haki ya Mungu.

"Nikukalie?" akaniuliza.

"Nikalie."

"Nikukalie?"

"Nikalie, mbona waniuliza?"

"Nikukalie?"

"Nikalie."

Mara tatu, na kila mara akingoja nijibu, kama shekhe amwulizavyo mwari nyuma ya pazia kama ameridhia. Na mimi niliyekuwa nimeulizwa hivyo siku tano tu zilizopita, sikushtuka. Akasema amelowa, aona baridi. Nikavua leso moja ya jozi yangu ya arusi nikampa. Nikatoka.

Nisiwachoshe na yule mwanamke wa Kizungu. Alikuwa ameketi peke yake mezani, pua imebambuka kwa jua, akiandika barua. Bwana arusi wake alikuwa amekwenda kuvua samaki. Nilimtazama nikaona haya. Mpishi alinikuta nimejibanza nyuma ya ukuta wa jikoni.

"Shemeji, mwari gani wewe watembea kama mkaguzi wa afya?"

"Namtafuta Hamadi."

"Hamadi ameshakwenda kwako zamani. Hata sahani hakuziondoa, kwa mbio alizokuwa nazo."

Nikarudi mbio na mimi, mchanga waniunguza nyayo. Mlango umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Nikasikia Hamadi akicheka. Kisha nikasikia mwanamke akicheka, na kile kicheko nilikijua. Kilikuwa changu.

Nikachungulia dirishani. Hamadi alikuwa ameketi kitandani na sinia ya pilau mapajani, amlisha mwanamke kwa mkono wake. Mwanamke amenipa mgongo. Mgongo ule ulikuwa wangu, na kovu la tetekuwanga chini ya bega. Leso ilikuwa yangu. Miguu ilikuwa na hina yangu, ua kwa ua.

Nikagonga. "Hamadi, nifungulie."

"Nani?"

Kabla sijafungua kinywa, sauti yangu ikajibu kutoka ndani. "Ni yule mama afuaye mashuka. Mwambie arudi keshokutwa."

Na Hamadi, mume wangu, akaniambia kwa adabu zote, "Mama, tafadhali rudi keshokutwa."

Nikainua mikono nigonge tena, ndipo nikaiona. Haikuwa na hina. Haikuwa na hata doa. Mikono mitupu kama ya mtu asiyeolewa. Nilipiga kelele nadhani, kwa sababu askari wa hoteli alikuja akanishika bega na kunitoa mpaka barabarani, akiniita mwendawazimu kwa upole. Lori lililobeba nazi likanichukua, nikafika Msambweni alasiri.

Sikwenda kwa mamangu. Mwari atokaye nje siku ya tano ni aibu ya ukoo mzima. Niliingia kwa Bi Mwanakombo kwa mlango wa uani. Alikuwa akipeta mchele. Alitazama mikono yangu, akaweka ungo chini.

"Ulimwambiaje?"

"Nikalie."

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi umemwoza mumeo," alisema. "Ulimwachia nyumba, yeye akachukua fungate. Sasa aikaa yeye."

Nilimwambia twende sasa hivi, na kisomo, na waalimu wote wa chuo cha Kurani. Akakataa. Alisema tukienda kabla ya siku saba kutimia Hamadi hatanijua, ataniona mfuaji, na akishaniona hivyo mara ya pili atanizoea hivyo. Twende siku ya saba alfajiri, mwari anapopaswa kutolewa nje. Saa ile kiti cha mwari huwa wazi, aliyetoka ametoka, na mimi niwe tayari kuingia.

Nilikaa siku mbili katika chumba chake cha kuwekea vikapu. Alinipaka hina upya. Nje nilisikia wanawake wakipita wakinitaja, jinsi nilivyo na bahati, jinsi nilivyo kwenye kitanda cha springi. Mliwahi kusikia mtu akiuonea wivu msiba wako? Mimi nimesikia, na vumbi la vikapu lanichoma puani.

Alfajiri ile tulimkuta Hamadi barazani peke yake, nywele zimelowa, aimba chinichini wimbo nisioujua. Akanitazama akatabasamu.

"Umeoga upesi," akasema. "Sikukusikia ukitoka."

Ndani, kitanda kilikuwa kimelowa chapachapa, na ukikigusa ukalamba kidole ni chumvi. Leso yangu imekunjwa juu ya mto, kavu. Bi Mwanakombo aliuzungusha udi chumba kizima, akanivuta kando.

"Usimwambie," alisema. "Maisha yako yote usimwambie. Ukimwambia ataanza kuchagua."

Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka thelathini na mitatu ya ndoa. Hamadi alikuwa mume mwema, msije mkadhani nilipigwa au nililala njaa. Aliniheshimu mbele za watu na alinijengea nyumba ya mawe. Lakini sikilizeni adhabu yangu. Katika kila arusi tuliyoalikwa, vijana wakimwomba wasia, alisimulia fungate yake. Hakusimulia uma, wala mgongo alionibebea, wala mvua juu ya makuti. Alisimulia siku ya sita. Jinsi mkewe alivyomtajia majina ya samaki wote mpaka usiku ukaisha. Jinsi alivyomwimbia wimbo uliomliza. "Wakumbuka, mke wangu?" aliniuliza mbele ya watu, macho yang'aa. Na mimi nilisema, "Nakumbuka."

Miaka thelathini na mitatu nimesema nakumbuka.

Masika yakiingia alikuwa akienda Galu, ufuoni jirani na Diani, mchana wa jua, ati kunyoosha miguu. Alirudi amechangamka, suruali imekauka chumvi mpaka magotini. Nilizifua suruali zile, mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Sikumwuliza alikuwa na nani. Mfuaji huuliza?

Alipougua mara ya mwisho, saa sita mchana, watoto wamekwenda kuswali, alinishika mkono akaniomba wimbo wa fungate. Niliwaza kusema koo laniuma, kama nilivyosema siku zote. Lakini mtu anakufa. Nikamwimbia wimbo nilioujua, wa kubembelezea watoto, ule niliowalaza nao wote sita. Alisikiliza mpaka mwisho, maskini, kwa adabu.

"Siyo huo," akasema.

Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni, akatabasamu tabasamu ambalo sikuwahi kupewa. Mlangoni sikuona mtu. Pazia lilipepea, na upepo haukuwapo, nikasikia harufu ya bahari hapo kitandani. Ningeweza kupiga kelele, kumwita mwalimu, kusoma. Sikufanya. Nilimwachia mkono, nikaondoka nikaenda jikoni, nikawapisha.

Sasa wajukuu wangu wakiolewa hawakai ndani. Huenda Diani, huenda Unguja, huleta picha wakanionyesha vitanda vilivyomwagwa maua. Siwakatazi, na picha nazitia ukutani. Nawaambia hivi tu, na ninyi nawaambia: popote mwendapo, zikaeni siku zenu wenyewe, zote, hata ile ya uchovu, hata ile ya ugomvi. Mume akiitwa kazini, mngojee umenuna. Asikudanganye mtu kwamba atakushikia mahali pako kidogo. Raha ya mtu ni siku chache, na atakayekuwapo siku hizo ndiye atakayekumbukwa.

Hamadi amezikwa Msambweni, na ubavuni pake wanangu wameniachia nafasi. Nimewaambia wanizike upande wa mamangu. Hawaelewi, wanadhani ni hasira za uzee. Wakati wa masika ile nafasi hutota maji ya chumvi, na makaburi yote jirani ni makavu. Nimekwenda nimeionja. Pale pana mtu.