Majina ya Ng'ombe wa Mzee Ngassa

Milembe, ambaye mtaani Bariadi wanamwita Mama Elia, ana duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na soko. Kwa miezi minane alisubiri toleo jipya la kivinjari kama mkulima wa pamba anavyosubiri mvua ya kupandia. Tovuti za ajira, vyuo na vyeti zilikuwa zimebadilika, na moja baada ya nyingine ziliikataa kompyuta yake.

"Mama Elia, mashine hii imestaafu, ipe kiinua mgongo!" wateja walimtania, kisha wakahamia kwa jirani.

Wateja hawakumuumiza. Kilichomuumiza ni ukurasa mmoja ambao mwanawe wa pekee, Elia, aliuacha umefunguliwa kwenye kompyuta hiyo wiki moja kabla ya kufariki kwa ajali ya pikipiki. Ilikuwa fomu ya tovuti inayohifadhi mila za Wasukuma. Elia alikuwa amejaza majina ya ng'ombe thelathini wa babu yake mzaa baba, Mzee Ngassa, ambao kila mmoja alipewa jina la mtu wa kale wa ukoo. Alipobonyeza "Tuma", kivinjari kikagoma kwa uzee.

"Toleo jipya likija nitaituma, mama," alisema.

Mzee naye akafariki mwaka huohuo, na ng'ombe wakagawanywa.

Milembe hakuyanakili majina hayo. Katika ukoo ule, mke wa mwana hayatamki majina ya wakwe zake na wazee wao wala hayaandiki, na yeye alikuwa mkwe mwenye adabu. Tena, kila asubuhi alipowasha kompyuta, fomu ilikuwepo na majina yake yote.

Asubuhi moja fundi wa kompyuta, Januarius, aliingia akicheka na kumwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu! Toleo limetoka, na linakubali hata vibibi kama hiki chako!"

"Ukurasa wa Elia hautapotea?"

"Kurasa zote zitarudi, mama. Usiwe na wasiwasi."

Kompyuta ilizimika, ikawaka. Kurasa zilirudi kweli, zikiwa na rangi mpya. Milembe alifungua ile fomu. Tovuti nayo ilikuwa imejengwa upya, na nafasi zote thelathini zilikuwa tupu.

Januarius alibonyeza kurudi ukurasa wa nyuma, akatafuta kila mahali. Hatimaye akaacha. "Nisamehe, mama. Nitajie mwenyewe, niyaandike."

Kwa miaka ishirini na minne Milembe alikuwa amemsikia mkwewe akiwaita ng'ombe wale jioni. Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza maishani akatamka jina kwa kunong'ona:

"Maduhu."

Januarius aliandika, akasubiri.

Milembe alifungua mdomo tena. Majina ambayo hayakuwahi kupita kinywani mwake hayakuja. Alijaribu mara ya tatu, ya nne, kisha akaketi sakafuni kando ya mashine ya nakala, akalia kwa sauti ambayo hakulia nayo siku ya mazishi ya mwanawe.